Kipande cha Nne

Komora alinipigia simu Jumanne asubuhi nikichambua mchele, na kabla hajavuka salamu nilishajua anataka kusema nini. "Dada Debora, mama ametuacha. Tunazika Jumamosi." Nilimpa pole, nikamuuliza kama aliumwa sana, akasema hapana, alijinyoosha mchana kama kawaida yake na hakuamka tena. Nikakata simu, nikamaliza kuchambua mchele wangu hadi punje ya mwisho. Mama Komora hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Nilikaa nyumbani kwake Kulesa mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na sasa nimepita sitini. Baada ya mwaka ule niliolewa Kinakomba, nikazaa, nikalima, nikamzika mume mwema ambaye sina neno baya juu yake. Lakini mtu akiniuliza ghafla nimeishi wapi, moyo hujibu Kulesa kabla mdomo haujasema Kinakomba. Sijawahi kumweleza mtu kwa nini, na watu wenyewe hawajawahi kuuliza, maana nani atamuuliza mama mzima mambo ya mwaka mmoja wa usichana wake?

Nilikwenda pale kwa kazi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingojea matokeo ambayo yalipokuja hayakumshtua mtu yeyote, na mradi wa kupima udongo ulitaka msichana anayejua kusoma saa, kuandika tarakimu zisomeke na kuzungumza na wenyeji. Nilipewa kitanda katika chumba cha Mama Komora, katikati ya magunia ya mahindi na kuku mmoja aliyeatamia uvunguni bila kuomba ruhusa. Chumba cha mbele alipangishiwa Bwana Kazungu, mtaalamu wa mradi. Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa, kwa hiyo chumba kimoja kikipiga chafya kingine kilisema afya. Chumba cha Bwana Kazungu kilijaa mifuko ya nailoni yenye udongo, imefungwa na kuandikwa, imepangwa hadi chini ya kitanda, na mvua ikikaribia harufu ya ule udongo ilipita juu ya ukuta na kuja hadi kwenye mto wangu. Nikisema nakumbuka harufu yake yeye, nadhani nasema harufu ya udongo. Sikuweza kuzitenganisha wakati ule na sijaweza hadi leo.

Alikuwa Mgiriama wa upande wa Malindi, miaka ishirini na saba, mrefu, anayetembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha kifungo cha shati. Hakuwa na maneno mengi, ila ukimuuliza habari za udongo. Hapo angeweza kuacha chai ipoe. Alinieleza siku ya kwanza kabisa, tukiwa tumesimama ndani ya shimo lililotufika kiunoni. Juu, udongo wa shamba la Mama Komora ulikuwa na sura nzuri, lakini ukishuka kiasi cha goti ulikutana na tabaka la mfinyanzi mweusi, unaong'aa jembe linapoukata. Mvua ikinyesha, maji yalikwama juu yake kama yaliyomwagwa kwenye sinia. Jua likiwaka, ulipasuka nyufa za kuingiza mkono. Mizizi ya mahindi ikifika pale iligeuka na kutambaa pembeni. "Una magadi," aliniambia, akilamba chembe kidoleni, nami nikafikiri, Mungu wangu, mtu huyu anakula udongo mbele ya watu. "Magadi ndiyo yanayoubana. Sasa swali letu ni hili: ukiweka kitu juu, juu tu, bila kuchimba, kitashuka? Kitaufungua huku chini?" Nikamuuliza itachukua muda gani kujua. Akasema kuufungua kweli kunaweza kuchukua hata miaka ishirini, lakini dalili ataiona mwaka wa kwanza, na dalili hiyo ndiyo aliyotumwa kuitafuta.

Tulilipima shamba kwa kamba tukapata vipande vinne vilivyolingana. Cha kwanza tulikimwagia jasi, unga mweupe ambao sisi sote pale tuliuita jipsamu, uliokuja kwa lori kutoka mbali ukatufanya tufanane na wasagaji wa posho. Cha pili tulikipa samadi kutoka kwenye maboma ya Waorma, wafugaji jirani zetu. Cha tatu kikapewa vyote viwili. Cha nne hakikupewa kitu. Kililimwa kama vingine, kikapandwa mahindi na pojo kama vingine, lakini juu yake hakikutiwa hata kiganja. Nje ya vipande vile hatukuwa tunapima popote. Hicho cha nne ndicho kilichokuwa kipimo chetu. Kila wiki mbili tulichimba hadi kwenye mfinyanzi, tukagongomea mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa kitako, tukaujaza maji, na mimi nikashika saa kuhesabu yanazama kwa muda gani. Yeye alilala kifudifudi kando ya shimo, kidevu kwenye mikono, akiyatazama yale maji. Kuna wake za watu ambao hawajawahi kumtazama mume kwa makini kama nilivyomtazama yule mtu akitazama maji ndani ya mkebe.

Mama Komora alikuwa mpishi wetu na mbebaji wa samadi wetu, na kwa kweli alikuwa mkuu wetu. Mumewe alikuwa amefariki, na mwanawe Komora alikuwa Mombasa akifanya kazi bandarini, kwa hiyo hamu yake yote ya kulisha iliishia kwetu. Chakula cha nyumba ile ninakionja hadi leo: ugali, kambare wa mchuzi mzito wa nazi, ndizi mbichi za kuchemsha, pojo, na asubuhi chai ya maziwa ambayo wanawake wa Kiorma walitupitishia kwenye vibuyu, yenye harufu kidogo ya moshi. Kichwa cha kambare ni heshima, na Mama Komora alimpa Bwana Kazungu kila siku. Naye Bwana Kazungu alikuwa hawezi kukitazama. Alingoja Mama Komora ageuke kukoroga chungu, kisha akakihamishia kwenye sahani yangu haraka haraka, na mimi nikakila huku nikitazama kwingine. Hakuna aliyewahi kulisema jambo hilo kwa sauti. Mwaka mzima nilikula vichwa viwili, changu cha nadra na chake cha kila siku, na nikanenepa. Mama Komora alisema ni hewa ya Kulesa.

Sharti lake jikoni lilikuwa moja: hakuna mtu anayekaa mbele ya chungu chake bila sahani. Akipita muuza ndoo, sahani. Akija mchunga ng'ombe kuuliza njia ya kwenda mtoni kunywesha mifugo, sahani. Nilishamwona akimpakulia mgonjwa wa malaria ambaye hakuweza hata kuinua shingo, akaiweka sahani kando yake na kusema, "Isije ikasemwa alisahauliwa." Nilikuwa nikicheka. Laiti ningelitia maanani.

Baada ya mvua za kwanza alikuja mkubwa wa mradi kutoka Nairobi, mtu wa viatu safi. Alikagua vipande, akala sahani mbili, kisha akakaa na Bwana Kazungu chumba cha mbele huku mimi na Mama Komora tukiosha vyombo nyuma ya ukuta. Sikutega sikio. Kwenye nyumba ile hakukuwa na haja. Nilimsikia mkubwa akisema kwamba wafadhili wana haraka, kwamba mradi utaendelea Kulesa iwapo tu dalili itaonekana. Halafu akasema, na maneno haya nayakumbuka yalivyo, "Na ulinde hivyo vipande, Kazungu. Kikiharibika kimoja, mwaka wote umekwenda bure." Bwana Kazungu akajibu, "Havitaharibika, mzee." Nilikuwa nimeshika sufuria. Nilielewa kitu kimoja tu: mwaka ukienda bure, watamwondoa. Hadi wakati huo sikuwa nimejiambia kwamba nampenda. Ndiyo siku niliyojiambia, mikono ikiwa kwenye maji ya masizi.

Hazikupita wiki tatu. Asubuhi moja Bwana Kazungu alikuwa amekwenda Garsen kupeleka mifuko ya udongo kwenye basi, nami nikaenda shambani peke yangu kukagua kamba za mipaka. Nikamkuta Mama Komora katikati ya kipande cha nne, karai kichwani, akimwaga samadi. Hakuwa anajificha. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani. Nyuma yake mstari mzima ulikuwa umeshamwagwa, na chini ya ile samadi mpya niliona ya zamani, na jivu la jikoni, na maganda ya pojo, yote yamefukiwa vizuri kwa mkono wa mtu anayejua shamba, hata hatukuwa tumeona kitu.

"Mama!" nilisema. "Hapa hapawekwi kitu! Bwana Kazungu alisema."

"Nimesikia alivyosema." Akamalizia karai lake. "Nyinyi mmesoma, mimi sikusoma. Lakini wewe umeona wapi watoto wanne, watatu wanakula, mmoja anatazama?"

"Si watoto, mama. Ni kipimo. Hiki lazima kikose ili tukilinganishe na vingine."

"Mlinganishe nini? Njaa?" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Mimi hapa napita kila siku kwenda mtoni. Kinanitazama. Udongo huu ni wa baba yake Komora, mwanangu. Sitaupita kila siku na karai limejaa niwape hawa, huyu nimwambie, wewe ngoja, wakubwa wanakulinganisha."

"Umeanza lini?"

"Tangu siku mlipoanza. Mnaagiza makarai ishirini, mimi nabeba ishirini na tano. Hamhesabu?"

Hatukuhesabu, kwa kweli. Tulimwachia yeye. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya, maana si jambo la kufikiri: kumngoja Bwana Kazungu ashuke kwenye basi, nimwambie. Ningesema kweli, angenisikiliza ameinamisha kichwa, angemwandikia mkubwa wake wa viatu safi, na mwaka wote umekwenda bure. Nikaona mifuko ikipakiwa. Nikaona chumba cha mbele kimefagiliwa. "Mama," nilisema, "usiweke tena. Nakuomba sana." Akasema sawa, kwa namna ambayo nilijua ataendelea. Na jioni Bwana Kazungu aliporudi na mkate kutoka Garsen, akauliza kama kila kitu kiko salama shambani, nikamwambia, "Salama kabisa." Nilisema bila kumeza mate. Nilishangaa mwenyewe jinsi ilivyokuwa rahisi.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoililia, na ni aibu kusema hivyo, kwa sababu ilikuwa miezi ya uongo. Lakini ilikuwa mizuri. Mto ulipanda, ukaingia mashambani polepole, ukashuka, ukaacha tope na kambare wadogo kwenye mitaro. Tulikaa ukumbini tukibandua pojo, yeye akinifundisha kusoma udongo kwa vidole: huu una mchanga, huu una tope laini, huu ni mfinyanzi, ukunje uone kama unakuwa pete. Aliniambia nina vidole vizuri. Nimeambiwa mambo mengi mazuri tangu wakati ule, mengine madhabahuni, lakini hilo la vidole ndilo nililolitunza. Siku zingine aliniambia atakachofanya mradi ukiendelea: atajenga kibanda kando ya shamba, atapima kila mwaka, ataona mizizi ikishuka kidogo kidogo. "Wewe utakuwa ushaolewa," alisema, "utakuja na watoto wako kunitembelea." Nikamwambia sina mpango wa kuolewa. Akacheka, akarudi kwenye pojo yake, nami nikatamani kumpiga na ungo.

Mwisho wa mwaka alichimba mashimo ya mwisho, tukapima siku tatu mfululizo. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na macho yangu yalikuwa yameshaona: kipande cha nne kilizaa kama cha pili. Sasa maji nayo yakasema vilevile. Kwenye vipande vyote vinne yalizama kwa upesi ule ule, kuzidi yalivyozama mwanzo wa mwaka. Bwana Kazungu alirudia. Akaniambia nishike saa vizuri. Akarudia tena. Kisha akakaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia. "Si jipsamu," alisema hatimaye. "Wala si samadi. Kipande kisichopewa kitu kimefunguka sawa na vingine. Kilichoufungua ni jembe tu, Debora. Ni kulima." Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Alikubali jibu kwa sababu alidhani ni la kweli. Mdomo wangu ulifunguka. Nakumbuka kabisa ulifunguka. Halafu nikafikiri, nikisema sasa, atajua nimemdanganya miezi yote hii, na bado watamwondoa. Nikaufunga.

Basi aliandika kilichoonekana, na kwa kuwa hakuna dalili, mradi ukafungwa. Miezi miwili baadaye lori lilikuja. Mama Komora alimfungia kambare mkavu, vichwa vitatu, naye akavipokea kwa mikono miwili. Mimi aliniaga kwa kunishika mkono, akasema nimefanya kazi nzuri. Chumba cha mbele kilifagiliwa kama nilivyokiona siku ile. Kitu chote nilichonyamaza ili kisitokee kilitokea, tena kwa ajili ya kule kunyamaza, na sikuwa na mtu wa kumlilia isipokuwa yule mwanamke aliyekuwa amelisha udongo, ambaye hakuelewa kabisa kwa nini nalia, akanipa sahani.

Kinakomba nilikuwa mke, mama, mkulima. Mwaka fulani, watoto wakiwa wadogo, alikuja afisa wa kilimo akatukusanya wanawake chini ya turubai, akatuambia tusijichoshe kubeba samadi kwa ajili ya udongo mzito. Utafiti ulishafanywa kule chini karibu na Garsen, alisema, ikaonekana dawa ya mfinyanzi ni jembe, tulime kwa kina. Wanawake wakaitikia. Wakalima kwa kina. Walileta juu udongo wa chini wenye magadi, mashamba yakapauka meupe baada ya mvua, na miche ikaungua. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili siku ile, mtoto mgongoni, nilipomsikia afisa yule akiyarudia maneno ya Bwana Kazungu ya ukingoni mwa shimo. Sikunyanyua mkono. Usiku... hapana, sitasingizia usiku. Ilikuwa mchana kweupe nami nilinyamaza kwa mara ya pili. Shambani kwangu niliendelea kubeba samadi kimyakimya, na jirani zangu waliponiuliza mbona mahindi yangu yanasimama, nikasema ni bahati.

Mazishini Kulesa nilimtambua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Sasa alikuwa na fimbo na mvi, na shati jeupe lililopigwa pasi na mtu anayemjali. Alikuwa amekuja na basi la kutoka Malindi. Kumbe miaka yote alikuwa akimtumia Mama Komora salamu kila Krismasi. "Debora," alisema. Kwetu mimi ni Mama Jillo. Jina langu hulisikia kliniki na Kulesa tu. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukala wali na maharage ya msiba, akaniuliza habari za watoto nami nikamuuliza zake. Alikuwa amefundisha chuo cha kilimo hadi kustaafu. "Kila mwaka niliwasimulia wanafunzi habari ya shamba hili," alisema, akitabasamu. "Niliwaambia, mimi nilipenda jipsamu kuliko mtu yeyote, lakini udongo ulinikatalia na nikaukubalia. Niliwafundisha unyenyekevu kwa kipande cha nne." Nikanywa maji, nikasema maharage yana chumvi.

Jumapili baada ya ibada alitaka kuliona shamba, na Komora akatupeleka na jembe na beleshi. Sikuhitaji kuonyeshwa mipaka. Vipande vinne vilijionyesha vyenyewe, mahindi yamesimama kijani kibichi, na pembeni yake, kwenye shamba lile lile, mengine mafupi ya manjano. "Hapa maji hayatuami kabisa," alisema Komora, "wala sijui kwa nini." Bwana Kazungu alimwomba achimbe kwenye kila kipande, kisha shimo moja nje. Komora alichimba hadi jasho likamlowesha, nasi wazee wawili tukingoja. Bwana Kazungu akapiga magoti kwa shida, akanyofoa bonge kutoka chini kabisa ya kipande cha kwanza, kule kwenye mfinyanzi. Akalibana kwa vidole. Likamomonyoka. Ndani yake kulikuwa na mizizi myembamba, myeupe, inashuka moja kwa moja. Cha pili vilevile, na cha tatu, na cha nne. Kisha akaenda kwenye shimo la nje, akanyofoa bonge, akalibana, likang'aa tu na kukataa.

"Hapa nje pamelimwa?" aliuliza.

"Kila mwaka. Kwa jembe hili hili, mzee. Mama kabla yangu, kisha mimi tangu niliporudi kutoka Mombasa."

"Basi si jembe," alisema polepole. Aliyatazama mabonge mawili, moja kila mkono. "Kwa hiyo ni nini?"

"Labda ni mbolea ya mama. Hivi vinne hakuviacha hata mwaka mmoja. Samadi na jivu, mpaka mgongo ulipokataa. Alisema hivi ni vya mradi, wenyewe watarudi."

"Vyote vinne? Hata hiki cha nne?"

"Vyote. Hiki alianza kukipa lini, sijui. Nilikuwa bandarini. Muulize Dada Debora, yeye alikuwa hapa."

Bwana Kazungu aligeuka kunitazama, na usoni mwake kulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu siku za pojo. "Itakuwa ni baada ya mimi kuondoka," alisema. "Eh? Kwa hiyo mwaka ule hesabu yangu ilikuwa sawa, ila ilikuwa mapema mno. Kitu kilihitaji muda tu!" Alikuwa amenipa jibu mkononi, limemenywa. Ningesema ndiyo tu. Angerudi Malindi akiwa na jipsamu yake iliyoshinda na hesabu yake isiyo na doa, Mama Komora angebaki mwema kaburini, na mimi ningebaki Debora mwenye vidole vizuri. Lile neno ndiyo lilikuwa mdomoni. Kisha nikawaona wale wanawake wa Kinakomba wakiitikia, na mimi mstari wa pili na mtoto mgongoni, na nikachoka. Nilichoka kabisa na mdomo wangu.

"Si baada," nilisema. "Ni tangu siku tulipoanza. Mama Komora alikuwa akikipa samadi kila tulipobeba. Nilimkuta. Nilijua kabla ya nusu ya mwaka."

Komora akakumbuka ghafla kwamba ana wageni wa kuwapa chai, akaacha beleshi na kwenda. Bwana Kazungu alibaki amepiga magoti. Yale mabonge aliyaweka chini taratibu, moja kisha jingine, akakung'uta mikono. Nilimwona akipita miaka yake yote darasani, mwaka baada ya mwaka, wanafunzi baada ya wanafunzi, na kila mmoja wao akiandika kwenye daftari kitu ambacho si kweli. Alipofika mwaka wa mwisho akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimsikia mkubwa wako. Alisema kikiharibika kipande kimoja, mwaka wote umekwenda bure. Nikajua watakuondoa." Nilikuwa na miaka sitini na mbili, nimesimama kwenye mahindi ya marehemu. "Nilikupenda, Bwana Kazungu. Sikutaka uondoke."

Alitazama chini. Nilidhani ana hasira, na ningeipokea, nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yake miaka arobaini na zaidi. Alipoinua uso hakukuwa na hasira.

"Mwaka ukienda bure, Debora, hurudiwa," alisema. "Ndivyo tunavyofanya. Wangenipa mwaka mwingine, hapa hapa, kwenye chumba kile kile." Alijaribu kuinuka, akashindwa, nikampa mkono, akaushika na hakuinuka. "Niliwaandikia barua mbili kuomba. Walinijibu kwamba kila kitu kilikwenda vizuri, hakuna cha kurudia. Nilitafuta sababu yoyote ile ya kubaki. Nilitafuta hadi siku ile ya lori. Sikupata hata moja."